Kazi Nayo Ina Kupwa na Kujaa

Hotuba kwa wafanyakazi wenzangu, Dar es Salaam, Januari 2026, siku ya kupanga ratiba ya likizo

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu na wadogo zangu, habari za mchana.

Afisa utumishi wetu ameniomba niseme kidogo kabla karatasi za ratiba ya likizo hazijazungushwa. Ameniomba mimi kwa kuwa anajua kwamba karibu kila mwezi kuna siku mbili tatu siko mjini, na bado tangu nije hapa uhasibu hakuna mwezi ambao mishahara yenu imechelewa kwa sababu yangu. PAYE ya Desemba, yaani kodi ya mishahara, nimeituma juzi. Mnaniuliza sana kwenye ngazi na pale kwa mama ntilie: dada, hela unatoa wapi, na muda je? Leo nimekuja kujibu, na naomba mnivumilie nijibu kwa urefu, maana jambo hili liko moyoni mwangu.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka 2016 nilikuwa nimeshatimiza miaka minane kazini, katika kampuni nyingine, siyo hii. Katika miaka yote hiyo nilikuwa natoka Dar es Salaam kwa mambo mawili tu, msiba au harusi. Likizo nikiichukua, naimalizia Chanika nikisimamia mafundi. Miaka mingine siichukui kabisa. Kuna miaka miwili mfululizo sikuomba hata siku moja, na nilijisikia fahari bosi aliposema mbele za watu kwamba huyu dada ndiye mfanyakazi. Nilikuwa na umri wa miaka 31. Nilikuwa naumwa kichwa kila Jumapili jioni, nikidhani ni macho.

Mwaka huo rafiki yangu akaolewa Kilwa Masoko. Tukaondoka na basi la Mbagala siku ya Ijumaa, tukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, jioni tukafika. Harusi ikafanyika Jumamosi, ikafana. Jumapili asubuhi kaka wa bibi harusi akatuambia: mmefika mpaka hapa, mtarudije bila kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani? Tukalipa kiingilio ofisini, tukapanda mashua. Hata nusu saa haifiki, upo ng'ambo.

Naomba niwaeleze nilichokiona, kwa sababu najua wengi humu tulisoma Kilwa darasani, tukaiandika kwenye mtihani, ikaishia hapo. Unashuka karibu na Gereza, ile ngome iliyo ufukweni. Unatembea kidogo tu unaufikia Msikiti Mkuu. Una matao yaliyopangana, moja nyuma ya jingine, na kuba juu, na humo ndani hamna kitu ila kivuli na ndege. Niliweka kiganja changu ukutani. Ni jiwe la matumbawe, lina vitundu vidogo vidogo, na ingawa jua la nje lilikuwa la kuchoma, ukuta ule ulikuwa baridi. Kijana aliyetutembeza akasema sehemu ya kwanza ya msikiti ule ilijengwa karne ya 11. Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331, akauhesabu mji huo katika miji mizuri aliyoiona. Kisha akatupeleka Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, juu ya jabali linalotazama bahari, akatuonyesha birika lenye pembe nane. Na hapo akasema jambo ambalo mimi mhasibu sijalisahau: Kilwa ilikuwa inapiga sarafu zake yenyewe, za shaba, na sarafu moja ya sultani huyo iliokotwa Great Zimbabwe, huko kulikokuwa kunatoka dhahabu.

Nilikaa kwenye ukingo wa lile birika nikajiuliza. Miaka minane nimekaa umbali wa kama kilomita 300 tu kutoka hapa. Kila siku nahesabu fedha za watu, na sikujua kwamba pwani hii yetu watu walikuwa wanahesabu fedha zao wenyewe miaka 700 iliyopita. Kipi hasa kilichonizuia? Nauli haikuwa kubwa kunishinda. Muda nilikuwa nao pia, nilikuwa nauacha tu ofisini.

Sasa, yule nahodha wetu alikuwa mtu mzima, na wakati tunashuka alikuwa ametuambia: "Wanangu, kabla ya saa nane tuwe tumeshang'oa. Maji yakipwa mtavua viatu." Tukachelewa kwa ajili ya picha. Tuliporudi ufukweni, bahari ilikuwa imerudi nyuma na mashua imelala upande mbali kule, tukatembea kwenye tope hadi magotini, magauni ya harusi mikononi. Yule mzee hakutukaripia. Akatungoja, akatupa mkono mmoja mmoja kutupandisha, akasema tu kwamba maji yana saa zake na anayeishi nayo huzijua.

Kurudi kwetu kukawa na mkasa. Tulipanda basi la mwisho la Jumapili, likaharibika Somanga usiku, nikaingia kazini Jumatatu saa sita mchana nikiwa na tope kwenye viatu. Nikapewa barua ya onyo. Ilikuwa haki yao, sikulalamika. Lakini ile barua na yale maneno ya nahodha vilinikaa pamoja kichwani, na jioni ile nilichukua kalenda ya ukutani nikaanza kuandika saa za maji ya kazi yangu.

Hili ndilo ninalotaka kuwaachia leo: kila kazi ina kupwa na kujaa. Sisi wahasibu maji yetu yanajulikana. Tarehe 7 kodi ya mishahara iwe imeshafika TRA, mamlaka ya mapato. Tarehe 20 ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Kuanzia tarehe 24 mishahara, kisha kufunga mwezi, kisha tarehe za mwanzo kusawazisha hesabu za benki. Hilo ni bamvua, maji yamejaa hadi mlangoni, na anayetoroka wakati huo anawazamisha wenzake. Lakini kati ya tarehe 8 na 18, ndugu zangu, ni maji mafu, bahari imetulia. Miaka minane nilikuwa nakaa mezani siku hizo nikipanga upya mafaili yaliyokwisha kupangwa, kwa sababu tu niliogopa kuonekana sipo.

Na nyie mna maji yenu. Dada zetu wa mauzo mnajua wiki ya mwisho ya mwezi haigusiki, na wiki ya pili wateja wamelala. Kaka zetu wa stoo mnajua kontena zikitoka bandarini hapapumuliki. Mafundi mnajua miezi ya mvua magari yanaharibika zaidi. Andikeni. Chukua kalenda ya mwaka jana, weka alama kila siku uliyotoka ofisini baada ya saa moja usiku. Utaona zenyewe zinajikusanya. Zile nafasi nyeupe zinazobaki ndizo zako za kuombea.

Sasa nije kwenye sheria, kwa sababu humu kuna wadogo zangu wanaoomba likizo kama wanaomba mkopo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi apewe likizo yenye malipo isiyopungua siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa miezi 12. Mwajiri ndiye anayepanga lini uende, hilo ni kweli, lakini hawezi kuisukuma mbele kila mwaka. Iwe imechukuliwa ndani ya miezi sita baada ya mzunguko kwisha, au miezi 12 kama wewe mwenyewe umekubali na kazi kweli inadai hivyo. Mwenzetu mmoja mtu mzima, aliyestaafu mahali nilipokuwa zamani, alikwenda kuuliza siku zake za miaka mingi akaambiwa nyingi zilishapotea. Alisimama pale dirishani muda mrefu. Sitaki nimwone mtu wa hapa amesimama vile.

Kuna neno moja humo ndani ya sheria ambalo watu hawalitazami vizuri, nalo ni "mfululizo". Siku 28 mfululizo maana yake Jumamosi na Jumapili zimo ndani. Ni wiki nne, siku 20 za kazi kwa anayefanya kazi siku tano. Wenzetu wa Kenya, sheria yao ya ajira ya mwaka 2007 inasema siku 21 za kazi. Ukisikia 28 na 21 unadhani sisi tumewazidi sana, kumbe tumekaribiana mno, na wao wako mbele kwa siku moja.

Hapa kwetu, kama mnavyojua, menejimenti inaruhusu kuigawa likizo vipande, na utaratibu wetu ni kwamba wikiendi iliyo katikati ya likizo inahesabiwa, iliyo pembeni haihesabiwi. Naomba mtulie hapo. Ukiomba Ijumaa na Jumatatu ili upate wikiendi ndefu, fomu yako inasomeka siku nne, na umekuwa nje siku nne. Ukiomba Jumatatu hadi Ijumaa, fomu inasomeka siku tano, na wewe umekuwa nje siku tisa, maana Jumamosi mbili na Jumapili mbili za pembeni ni zako tayari. Vipande vinne vya namna hiyo vinakula siku 20 na kukupa siku 36 za kuwa huru. Zinabaki nane za akiba, na hizo usizipangie safari. Misiba ipo, watoto wanaugua, wazazi wanaita. Mimi siku zangu nane huwa sizigusi kabla ya Oktoba.

Ndugu zangu wa stoo mnaofanya kazi Jumamosi, hesabu yenu ni tofauti kidogo, najua. Kwenu Jumatatu hadi Jumamosi ni siku sita kwenye fomu na siku nane nje. Bado inalipa. Na kwa wikiendi za kawaida nyie mnahitaji kubadilishana zamu, jambo ambalo msimamizi wenu amekuwa anaruhusu kwa maandishi. Mwombane mapema, siyo Ijumaa jioni. Mwenzako akikushikia Jumamosi moja, unamshikia yake. Kwa siku moja ya Jumapili, Bagamoyo inatosha. Ni mwendo wa asubuhi tu, unaona magofu ya Kaole, unaona mahali misafara ya bara ilipokuwa inaishia, ikiwa na watu walioletwa wakiwa wamefungwa minyororo, unakula samaki, jioni uko kwako.

Sikukuu nazo zina hesabu yake. Sheria inasema sikukuu ikiangukia ndani ya likizo yako, imo humo humo kwenye zile 28, huongezewi. Kwa hiyo usiweke likizo yako juu ya sikukuu. Weka likizo mahali pasipo na sikukuu, na sikukuu zitumie peke yake. Tazameni mwaka huu. Jumatatu hii ijayo ni Mapinduzi, tayari ni siku tatu. Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na Jumanne tarehe 7 ni siku ya Karume. Ijumaa hadi Jumanne, siku tano, bila kujaza fomu yoyote! Mei Mosi ni Ijumaa. Saba Saba ni Jumanne, ukiomba Jumatatu moja unapata siku nne. Krismasi ni Ijumaa. Sikukuu za Idd zinategemea mwandamo, hizo usizikatie tiketi mapema. Juni, Septemba na Novemba mwaka huu hazina sikukuu hata moja, ndiyo miezi ya kuweka vile vipande vya siku tano.

Wenzetu Wakristo mtaniambia Pasaka ni ya kanisa. Ni kweli, na msiache. Lakini misa ya Pasaka ipo Lushoto pia, na ipo Morogoro, na sisi Waislamu tumeswali Idd katika misikiti ya watu wengine tukakaribishwa pilau na watu tusiowajua. Mimi kumbukumbu zangu nzuri kadhaa za Idd ni za namna hiyo.

Njia za kusafiria sasa ni nyingi kuliko nilivyoanza. Treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, kwa mtu mwenye kazi ya kuajiriwa ilibadilisha ramani. Nauli ya kawaida ilitangazwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Morogoro haifiki saa mbili. Yaani ukitoka hapa Ijumaa unaweza kulala chini ya milima ya Uluguru, ukaamka Jumamosi ukapanda mlimani hadi Morningside taratibu, na usiku wa Jumapili uko kitandani kwako Kimara. Zamani Dodoma kwa basi ilikuwa inakula siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, wikiendi imekwisha. Sasa ukifika Dodoma Jumamosi asubuhi unaweza kuendelea hadi Kondoa ukaona michoro ya kale ya mapangoni pale Kolo, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watoto wetu wanaipita kwenye vitabu kama tulivyoipita sisi.

Mabasi ya usiku nayo yaliruhusiwa tena mwaka 2023, baada ya kuzuiwa tangu miaka ya 1990. Yanaokoa siku, lakini hapa nina onyo. Usishuke basi la usiku Mbezi alfajiri ukaja moja kwa moja kazini. Nimelifanya mara mbili, na mara ya pili nilikosea tarakimu kwenye malipo ya msambazaji, ikatuchukua wiki mbili kuirudisha ile hela. Tangu siku hiyo nina sharti: Jumapili saa kumi na mbili jioni niwe nimeshaingia ndani kwangu. Kama safari hairuhusu hivyo, basi siyo safari ya wikiendi, naihamishia kwenye kipande cha siku tano. Nawasihi mlichukue sharti hili kuliko mengine yote niliyosema. Bosi anayekuona Jumatatu umefika mapema, umelala, kichwa kiko sawa, safari nyingine hakunyimi.

Kuhusu hela nitasema kifupi, kwa sababu akina dada wa hapa mnajua kucheza mchezo kuliko mimi. Sisi tuko sita. Kila mwezi tunatoa elfu 50 kila mmoja, anapokea mmoja laki tatu, kwa hiyo kwa mwaka kila mtu anapokea mara mbili. Tofauti na michezo mingine ni sharti moja: anayepokea anamwonyesha kijumbe, msimamizi wa mchezo, tiketi ya safari. Hela ile siyo ya ada, siyo ya bati, siyo ya sare ya kitchen party. Mwaka wa kwanza mmoja wetu aliipeleka kwenye bati, tukakaa naye, akalia, akatueleza shida yake, tukamsaidia kwa njia nyingine na mchezo ukaendelea. Nakiri safari siyo ya kila mtu kwa kila mwezi. Kuna miezi mimi safari yangu ni daladala hadi Kigamboni, na pantoni ya kurudia. Nayo naiandika kwenye kalenda.

Nataka nimtaje kaka yetu mmoja, hapo nyuma, ameniruhusu niseme. Ni dereva wetu wa njia ya Mbeya. Nilipoanza mazungumzo haya na madereva aliniambia: "Dada, mimi safari ndiyo kazi yangu. Nikipata likizo nataka ukuta wa nyumba yangu." Nikamwelewa. Nikamuuliza tu, Mikumi umepita mara ngapi? Akacheka, akasema hazihesabiki. Ile barabara kuu ya kwenda Zambia inapita ndani ya hifadhi kama kilomita 50, tembo wanavuka mbele ya lori lake, twiga anawaona kila wiki. Nikamuuliza, umeshawahi kuingia? Akanyamaza. Akasema, "Nina mzigo, sisimami."

Septemba mwaka jana alichukua kipande cha siku tano. Akaenda na mkewe na watoto wawili kwa treni hadi Morogoro, wakachanga gari na familia nyingine, wakaingia getini. Kiingilio cha Mtanzania ni shilingi elfu chache, wakati mgeni kutoka nje analipa kwa dola. Gharama kubwa ni gari, na ndiyo maana mnachanga. Aliniambia walisimama kwenye dimbwi la viboko zaidi ya saa nzima, kwa sababu mtoto wa kiume alikataa kuondoka. Na wakati wa kurudi, mtoto alipoiona barabara kuu kwa mbali na malori yanapita, akauliza, "Baba, ndiyo pale unapopitaga?" Akamjibu ndiyo. Mtoto akamwambia, "Kumbe hukai mbali na wanyama." Kaka yetu anasema tangu siku ile, akiwa njiani, mtoto akimpigia simu haulizi tena utarudi lini tu. Anauliza, umefika Mikumi? Umeona nini?

Wapo watakaowasema. Mimi nimesemwa. Mama mkwe wangu aliniuliza mbele za watu, mwanamke mwenye watoto unazurura kutafuta nini? Nilimwita "mama" kwa heshima zote, na Januari iliyofuata nikamkatia tiketi ya boti tukaenda naye Unguja. Alikuwa na miaka 66, amezaliwa Iringa, hajawahi kupanda chombo cha baharini. Saa mbili zile alishika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili, hakusema neno. Tulipoingia Mji Mkongwe, akasimama mbele ya mlango mmoja wa kuchongwa, akapitisha kidole kwenye nakshi ya mnyororo iliyozunguka fremu, polepole, kutoka chini hadi alipoweza kufika. Hajanisema tena. Sasa ananipigia Desemba kuuliza mwaka ujao ni wapi.

Jambo la mwisho ni simu, na hili nawaomba hasa mlio viongozi wa idara. Sheria ile ile niliyoitaja inakataza mwajiri kumfanyisha mtu kazi akiwa likizo. Lakini mimi nilishawahi kukaa siku nzima kwenye veranda ya gesti Lushoto, ukungu umefunguka, bonde lote liko wazi chini yangu, nami nimeinamia kompyuta nikitafuta mtandao kwa ajili ya ripoti ambayo mtu mwingine angeweza kuichapisha kama ningemwonyesha faili lilipo. Nani wa kulaumiwa? Aliyenipigia ana sehemu yake, na mimi niliyeondoka bila makabidhiano nina yangu. Siku hizi wiki moja kabla ya kuondoka naandika karatasi mbili: kazi zilizo wazi, faili liko wapi, nani anakaimu, na kipi kisubiri nirudi. Namwita anayenikaimia tunakaa naye saa nzima. Namwachia namba ya simu ya gesti kwa jambo la kufa na kupona. Katika miaka sita imepigwa mara moja, na ilikuwa kweli msiba.

Na anayekukaimia, mletee kitu. Hata ndizi za Mombo. Amekubebea mzigo.

Karatasi ziko mezani kwa dada wa mapokezi. Naomba mjaze kwa kalamu ya wino, siyo penseli, na mjaze leo kabla hamjatoka, kwa sababu mwaka jana waliosema watajaza kesho ndio hao waliokuwa wanagombania Desemba. Ya kwangu nimeshaijaza: Jumatatu tarehe 8 hadi Ijumaa tarehe 12 Juni. Kodi ya mishahara itakuwa imeshakwenda, VAT bado, shule zimefungwa, hakuna sikukuu ya kumezwa. Siku tano kwenye fomu, siku tisa nje. Nawapeleka wanangu wawili Kilwa. Mkubwa yuko darasa la tano, ndio kwanza wameanza kuisoma. Nimeshampigia yule kaka wa bibi harusi, anasema mzee nahodha ameacha kazi lakini mwanawe ndiye ana mashua sasa. Nimemwomba aniulizie maji ya wiki hiyo yanapwa saa ngapi.